Jina la Yesu si Hirizi: Kuhusu Vita vya Kiroho na Maombi ya Mkristo

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, maneno "vita vya kiroho" hutumika kwa maana ya mapambano kati ya mwamini na nguvu za giza, yaani Shetani, pepo wachafu na kila kazi inayonasibishwa nao, na mara nyingi huleta akilini mkesha, sauti zilizopazwa, kukemea, kufunga kwa siku nyingi na kuvunja maagano ya ukoo. Matumizi hayo yana msingi katika Maandiko, kwa kuwa Agano Jipya halimchukulii Ibilisi kuwa hadithi ya kutishia watoto, wala Yesu hakuwatendea waliopagawa kana kwamba taabu yao ilikuwa ya mwili peke yake. Hata hivyo, sehemu ya Biblia inayotajwa zaidi kuhusu jambo hili, yaani sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, ikisomwa pamoja na sura tano zinazoitangulia na pamoja na habari za mji uliopokea waraka huo, humwelekeza mwombaji mahali ambapo wengi hawana desturi ya kutazama.

Efeso ulikuwa mji wa bandari katika jimbo la Kirumi la Asia, upande wa magharibi wa nchi ambayo leo ni Uturuki, na sifa yake ilitokana na hekalu la mungu wa kike Artemi na vilevile na uganga. Katika ulimwengu wa kale yalijulikana hata "maandishi ya Efeso", yaani maneno yasiyoeleweka maana yake ambayo watu waliyatamka, au waliyaandika na kuyavaa, wakitumaini kwamba mpangilio wa sauti zake ungewakinga na mabaya. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19, kinasimulia kwamba waliomwamini Kristo katika mji huo walivikusanya vitabu vyao vya uganga na kuvichoma hadharani, na thamani yake ilipohesabiwa ikafikia vipande 50,000 vya fedha, kiasi ambacho kingelipa vibarua wengi kwa miaka mingi, maana kipande kimoja cha aina hiyo kilikaribia ujira wa siku moja. Sura hiyohiyo inataja wana saba wa Skewa, waliojaribu kufukuza pepo kwa kulitumia jina la Yesu aliyehubiriwa na Paulo, pasipo wao wenyewe kumjua. Pepo alikiri kwamba anamfahamu Yesu na Paulo, akawauliza wao ni akina nani, na mtu yule mwenye pepo akawarukia na kuwashinda hata wakakimbia nyumba ile uchi na wenye majeraha.

Kisa cha wana wa Skewa kinastahili kukaa mbele ya kila mtu anayefundisha maombi ya vita, kwa sababu kosa lao halikuwa katika maneno waliyoyatamka. Jina walilolitaja lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni uhusiano na mwenye jina. Walilishika jina la Yesu kama mtu anavyoshika hirizi, yaani kitu kinachoaminiwa kuwa na nguvu ndani yake bila kujali aliyekivaa ni nani na anaishi vipi. Katika waraka uliopelekwa kwa watu waliokulia katika mazingira hayo, Paulo hatoi orodha ya majina ya pepo, hafundishi mpangilio maalumu wa maneno, wala haagizi kitu chochote cha kuvaa shingoni au kupaka mlangoni. Kwa mwandishi aliyewajua vizuri wasomaji wake, ukimya huo hauwezi kuchukuliwa kuwa usahaulifu.

Lipo pia jambo la lugha ambalo msomaji wa Kiswahili anafaa kulizingatia. Maneno "ulimwengu wa roho", ambayo wahubiri wengi huyatumia kwa maana ya uwanja uliofichika ambamo mikataba hufungwa na watu hushambuliana usiku, yameenea kwa kiasi kikubwa kupitia tafsiri ya Biblia ya Kiswahili inayoitwa Union Version, ambamo yanasimama mahali pa neno la Kigiriki lenye maana ya "mahali pa mbinguni". Neno hilo linapatikana mara tano katika Waefeso, na mara moja tu kati ya hizo, katika sura ya 6, linahusu majeshi ya uovu tunayoshindana nayo. Nyingine zinahusu baraka za Mungu, kuketishwa kwa Kristo mkono wa kuume wa Baba, waamini kuketishwa pamoja naye, na hekima ya Mungu kujulishwa falme na mamlaka kwa njia ya kanisa. Kwa hiyo mwamini anayeambiwa kwamba hajui yanayoendelea katika ulimwengu wa roho, na kwamba anahitaji mtaalamu wa kumwonea na kumfungulia, anaweza kujibu kwa heshima kwamba jambo kubwa kuliko yote linaloendelea huko amekwisha kulijua, nalo ni kwamba Kristo ameketi na waliomwamini wameketishwa pamoja naye. Anayeanzia hapo haombi ili apate ushindi ambao bado haujapatikana. Anaomba akiwa ndani ya ushindi wa mwingine, na ndiyo maana kitenzi kikuu cha sura ya 6, kinachorudiwa tena na tena, ni kusimama.

Swali linalofuata ni adui anaingilia wapi. Neno Ibilisi, ambalo katika Kigiriki lina maana ya msingiziaji au mchongezi, linatokea mara mbili tu katika waraka mzima wa Waefeso. Mara ya pili ni katika habari za silaha. Mara ya kwanza ni katika sura ya 4, ambapo Paulo anawaonya waamini wasiache jua lichwe wakiwa bado na hasira, wala wasimpe Ibilisi nafasi. Mlango ambao mtume anautaja kwa jina haupo katika makaburi ya mababu wala katika kitu kilichozikwa uani. Upo katika ugomvi uliolala bila kusuluhishwa kati ya mume na mke, kati ya ndugu waliogombania shamba, kati ya mwanakwaya na mwenzake, kati ya mchungaji na mzee wa kanisa. Katika Waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 2, mtume anafundisha vivyo hivyo anapohimiza kumsamehe aliyekosa ili Shetani asipate kuwashinda kwa hila.

Ushauri wa kwanza basi ni kwamba kabla ya kupanga siku za kufunga au kutafuta mwombezi wa mbali, Mkristo achunguze ni nani ambaye hasalimiani naye. Inafaa ayataje mbele za Mungu jina la mtu huyo na kosa lenyewe kwa maneno ya wazi, kisha achukue hatua moja inayoonekana: apige simu, aende nyumbani kwake, arudishe alichokopa, au, pale ambapo aliyemkosea ni mtu hatari asiyefaa kukaribiwa, akabidhi haki yake kwa Mungu na kwa vyombo vya sheria bila kuendelea kulea kisasi moyoni. Kusamehe si kukana kwamba uovu ulitendeka, wala hakumlazimu aliyepigwa kurudi chini ya mkono wa anayempiga. Mafundisho yanayomrudisha mwanamke kwenye nyumba ya kipigo kwa hoja kwamba "ni pepo tu, omba" yanampa Ibilisi nafasi ileile ambayo Paulo alikataza apewe.

Jambo la pili linahusu kumtambua adui asiye adui. Paulo anasema waziwazi kwamba mapambano haya si juu ya damu na nyama, maneno ambayo katika lugha ya Biblia yana maana ya wanadamu. Sentensi hii hunukuliwa mno na hutiiwa kidogo. Mara nyingi maombi yaliyoanza kwa kukemea nguvu za giza huishia kwa kumtaja shangazi, mama mkwe, jirani mjane au mtoto wa kambo kuwa ndiye chanzo cha mikosi ya nyumba. Katika maeneo ya Usukumani, kaskazini magharibi mwa Tanzania, wanawake wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi, huku macho mekundu, ambayo mara nyingi yalitokana na moshi wa kupikia kwa miaka mingi, yakihesabiwa kuwa ushahidi. Na katika pwani ya Kenya, hasa kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Hakuna mhubiri mwenye haki ya kusema kwamba yeye alitaja tu alichooneshwa. Anayetaja jina la mtu kuwa mchawi mbele ya familia yenye msiba ameweka panga mikononi mwa watu wenye uchungu, na Mkristo anayesikia "ufunuo" wa namna hiyo anapaswa kuukataa, kuondoka mahali hapo, na ikibidi kumlinda aliyetajwa.

Silaha zenyewe hazihitaji maelezo mengi, maana karibu kila mwamini amefundishwa orodha yake: kweli, haki, utayari wa Injili ya amani, imani, wokovu na neno la Mungu. Inatosha kuongeza mawili. Kwanza, picha ya dirii na chapeo imechukuliwa kutoka Isaya 59, ambapo aliyeyavaa ni Mungu mwenyewe, kwa hiyo mwamini anapoambiwa avae silaha za Mungu anaalikwa kuvaa tabia ya Mungu. Pili, Kiswahili kinahifadhi vizuri jambo linaloweza kupotea katika lugha nyingine, kwamba amri zote hapo ni za wingi: vaeni, simameni, twaeni. Hakuna askari wa peke yake katika sura hiyo.

Mfano ulio bora wa vita hivyo ni jaribu la Yesu jangwani, linaloelezwa katika Mathayo 4 na Luka 4, nalo linastahili kutafakariwa polepole. Baada ya siku 40 za kufunga, Yesu alijibu mara tatu, na majibu yote matatu aliyatoa katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Hakupaza sauti kwa muda mrefu wala hakufanya mazungumzo na mjaribu kuhusu ngazi za falme zake. Alijibu kila uongo kwa kweli iliyouhusu uongo huo hasa. La kushangaza zaidi, Shetani naye alinukuu Maandiko, na aliyoyanukuu ni Zaburi ya 91, zaburi ambayo pengine ndiyo inayopendwa kuliko zote kwa ajili ya ulinzi. Wapo wanaoilaza Biblia chini ya mto ikiwa imefunguliwa hapo, wanaobandika zaburi hiyo juu ya mlango, au wanaoirudia mara kadhaa kabla ya safari wakiamini kwamba idadi ya marudio ina nguvu. Zaburi hiyo ni neno la Mungu na kuisali ni jambo jema. Lakini jaribu la jangwani linaonyesha kwamba hata ahadi ya kweli inaweza kugeuzwa mtego inapotenganishwa na kumtumaini Mungu na kutumiwa kumlazimisha atende, na Yesu alijibu kwa kukataa kumjaribu Bwana Mungu wake.

Katika karne ya 4, mtawa Evagrio wa Ponto, aliyeishi katika majangwa ya Misri na kufariki mwaka 399, alifanya kazi kubwa juu ya namna hiyo ya kujibu. Aliyagawa mashambulizi ya kiroho katika "mawazo" manane, akimaanisha ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa moyo, majivuno na kiburi, kisha akakusanya mamia ya vifungu vya Biblia, kila kimoja kikiwa jibu kwa wazo fulani. Aliamini kabisa kwamba pepo wapo. Hata hivyo uwanja aliouchunguza ulikuwa mawazo ya mtawa aliyekaa peke yake mchana wa jua kali, akichoka na sala, akilaumu wenzake na kutamani kuhama. Mkristo wa leo anaweza kufuata njia hiyo kwa daftari la kawaida: upande mmoja aandike uongo unaomrudia mara kwa mara, kwa mfano kwamba Mungu amemwacha kwa sababu hana mtoto, au kwamba dhambi ya zamani haiwezi kusamehewa, na upande wa pili aandike kifungu kinachoujibu, akikisoma pamoja na sura yake nzima ili asifanye kama mjaribu alivyofanya.

Zoezi hilo husaidia pia kutofautisha sauti mbili ambazo waamini wengi huzichanganya. Roho Mtakatifu anapomthibitishia mtu dhambi humwonyesha tendo lenyewe na njia ya kutubu, hivyo mtu hujua alilolikosa na la kufanya. Mshitaki, ambaye Ufunuo 12 unasema huwashitaki watakatifu mchana na usiku, huleta ukungu wa jumla unaomwambia mtu kwamba yeye ni mbaya na hakuna la kufanya. Hukumu isiyo na jina la kosa wala mlango wa toba isipewe siku nzima ya kufikiriwa.

Kuhusu utaratibu, sala ya kila siku iliyo fupi na isiyokoma ina faida kuliko mikesha mikubwa inayofuatwa na majuma ya ukimya. Dakika 15 asubuhi kabla ya simu kufunguliwa, zaburi moja, Sala ya Bwana isemwayo taratibu, na dakika chache usiku za kuipitia siku, ni mzigo ambao hata mama ntilie anayeamka saa kumi usiku anaweza kuubeba. Sala ya Bwana yenyewe ni maombi ya vita, kwa kuwa inaomba kuokolewa na yule mwovu. Lakini ombi hilo limewekwa mwishoni, baada ya jina la Mungu, ufalme wake, mapenzi yake, chakula na msamaha. Mwombaji anayetumia saa nzima kumsemesha Shetani na dakika mbili kumsemesha Baba ameugeuza mpangilio huo juu chini. Zitakuja pia siku ambazo sala huwa kavu. Ignatius wa Loyola, aliyeishi kati ya 1491 na 1556, alishauri kwamba katika kipindi cha ukame mtu asibadili uamuzi alioufanya alipokuwa na utulivu, bali aendelee na kuongeza kidogo sala yake. Na ushauri huo umewazuia wengi kuvunja ndoa, kuacha wito au kuhama kanisa kwa sababu ya wiki moja mbaya.

Kufunga kunahitaji uangalifu wa pekee, na hapa maneno laini hayafai. Danieli, ambaye maombi yake ya siku 21 katika sura ya 10 hutajwa sana, hakuacha kula kabisa. Aliacha nyama, divai na vyakula vitamu. Isaya 58 inapima mfungo kwa haki kwa maskini na chakula kwa mwenye njaa. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400 wa kundi la dini lililofundishwa kufunga hadi kufa, watoto wakiwamo, na uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Mfungo wowote unaowanyima watoto chakula, unaomtenga mtu na ndugu zake, au unaokatazwa kukatishwa, umekwisha kutoka katika imani ya Kikristo. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari na anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI anaweza kufunga kwa kuacha mambo mengine, kama vile televisheni au maneno ya kusengenya, na asiache dawa hata siku moja kwa agizo la mwombezi. Mathayo 4, katika kutaja walioponywa na Yesu, inawaorodhesha wenye pepo na wenye kifafa kila kundi kwa jina lake, na ingawa kuna kisa cha kijana ambaye dalili kama za kifafa zilihusishwa na pepo, Injili haitoi ruhusa ya kuyaita maradhi yote pepo. Mgonjwa apelekwe hospitali na aombewe. Hakuna ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Tahadhari hiyohiyo inahusu vitu vinavyouzwa au kugawiwa kwa jina la upako. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika mkanyagano walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoelezwa kuwa ya upako. Waliokufa walikuwa watu wenye shida za kweli waliokuwa wakitafuta msaada, na haifai kuwacheka. Lawama ni ya mafundisho yanayorudisha hirizi kanisani kwa jina jipya. Waraka wa Yakobo unataja mafuta kwa ajili ya wagonjwa, lakini unayaweka mikononi mwa wazee wa kanisa wanaoitwa nyumbani kwa mgonjwa, pamoja na maombi na kuungamiana dhambi, na hautaji malipo.

Kuungamiana huko ndiko kulikoutambulisha Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioota mizizi Rwanda na Uganda baada ya Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929, na uliosambaa kutoka Gahini, huko Rwanda, katika miaka ya 1930 hadi Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliookoka katika uamsho huo walizungumzia kutembea nuruni, wakimaanisha kukiri dhambi mbele ya wenzao, kurudisha walivyoiba na kupatana na waliokosana nao, hata kuvuka mipaka ya kabila na rangi. Wakati wa vita vya Mau Mau baadhi yao huko Kenya walikataa kula kiapo na pia wakakataa kubeba silaha, na wapo waliouawa kwa msimamo huo. Walikuwa na kasoro zao, kwa kuwa ungamo la hadharani linaweza kugeuka maonyesho au silaha ya kumdhalilisha mwingine, na kwa sababu hiyo kikundi cha watu wawili au watatu wenye kutunza siri, au sakramenti ya kitubio kwa Wakatoliki, ni mahali salama zaidi. Lakini walielewa kwamba dhambi inayofichwa humpa mshitaki kazi, na dhambi iliyotajwa humnyang'anya.

Habari za silaha katika Waefeso haziishii kwenye upanga. Zinaishia kwenye agizo la kuwaombea watakatifu wote, na mara baada yake kwenye ombi la mwandishi mwenyewe, ambaye anajiita mjumbe katika minyororo. Angeweza kuomba aombewe mlango wa gereza ufunguke, kama ulivyofunguka alipofungwa katika mji wa Filipi. Aliomba aombewe apewe usemi na ujasiri wa kuitangaza Injili akiwa hapohapo alipofungwa. Msomaji anayetaka kuanza leo achukue karatasi, aandike majina matano ya watu wengine, mmoja wao akiwa mtu aliyemkosea, na ayaombee kabla ya kuomba kwa ajili ya jambo lake mwenyewe.